Mwendo wa Bibi Harusi

1

Luhende aliandika "upepo" kwa mara nyingine asubuhi ile, na mimi nikamwambia aache uvivu.

"Uvivu gani, Nemburis? Majani yanacheza, Shangazi anaona majani yanacheza, mimi naandika upepo. Unataka niandike tembo?"

"Upepo leo unatoka wapi?"

Akachungulia dirishani. Bendera ya kituo ilikuwa imenyooka kuelekea magharibi. "Unatoka mashariki," akasema.

"Na huo upepo wako wa kwenye kioo cha kompyuta unakwenda wapi?"

Akavuta kiti karibu na kioo. Ukungu mdogo wa kijani ulikuwa unatambaa juu ya ramani, taratibu mno, ukisimama na kuendelea. Alikodoa macho kwa muda, halafu akajikuna shingo.

"Unakwenda mashariki."

"Basi hongera. Umegundua upepo unaorudi kwao."

Shangazi ni rada. Tulimning'iniza chini ya puto kubwa juu ya mbuga za Simanjiro, na kamba ya puto imefungwa hapa kilimani kwetu. Jina alipewa na mafundi wa kwanza, kwa sababu kama shangazi yeyote kwenye harusi, anaona nani amekuja na nani, na hasahau. Ila alikuwa na kasoro moja iliyoninyima raha tangu nilipoajiriwa. Gari alilijua, pikipiki aliijua, hata mtu anayetembea kwa haraka alimjua. Mtu wa polepole alimpotea.

Sababu yake si ngumu. Rada inatuma wimbi, wimbi linagonga kitu na kurudi, na kama kitu kinatembea, wimbi linarudi limebadilika kidogo, kama mlio wa pikipiki unavyobadilika ikishakupita. Lakini puto lenyewe halitulii. Nyasi hazitulii, miti haitulii. Dunia nzima inakurudishia mawimbi yaliyobadilika kidogo, na anayekwenda polepole anazama humo humo. Ukitembea kama ng'ombe anayekula, Shangazi alikuita upepo, na upepo haukamatwi.

Chujio langu lilikuwa la kumaliza hilo. Nilimwekea Shangazi antena tatu kwa mstari, ili puto likiyumba, antena ya pili ifike pale pale ilipokuwa ya kwanza na kuangalia mahali pale pale kwa mara ya pili, halafu tunatoa picha moja kwenye nyingine. Ni kama mama akitoka jikoni na kurudi ghafla, anajua sufuria ipi imeguswa. Vilivyotulia vinafutana. Majani yanakwenda mbele na kurudi nyuma, kwa hiyo ukiyaangalia kwa muda wa kutosha nayo yanajifuta. Anayebaki ni yule aliyekwenda asirudi, au anayejitikisa kwa nguvu kuliko jani lolote. Shida ni kwamba lazima ukodolee macho sehemu moja, na kwingine kote kunabaki bila mlinzi, ndiyo maana wakubwa walikuwa hawajaniruhusu kulijaribu mpaka juma lile.

"Washa," nikamwambia Luhende.

Akawasha. Ukungu wa kijani ukaanza kukonda, ukakatika vipande, na vipande vikawa nukta. Nukta nane za watu. Miguu ya mtu inapobembea ina alama yake, huwezi kuikosea ukishaizoea. Ya tisa ilikuwa nyuma kidogo ya ile ya mbele, na alama yake ilikuwa nyingine kabisa, miguu minne na kitu chembamba kinachopigapiga kwa nyuma.

"Mkia," Luhende akasema. "Nemburis, huo ni mkia."

Chini ya kioo programu ikaandika yenyewe kwa herufi nyekundu: MIFUGO. MWENDO WA KUJIFICHA.

2

Bi Tumsifu Kweka, mkuu wetu wa kituo, alikuja na kikombe chake cha chai mkononi. Ni mama wa Machame asiyepandisha sauti hata akikufukuza kazi. Akasimama nyuma yetu, akaangalia nukta zikienda, zikisimama, zikienda.

"Wanajua wanachofanya," akasema. "Wakihisi wameonekana wanasimama. Wakitulia, wanaendelea."

Mimi nikacheka. Sikutaka kucheka, lakini nilikuwa nimeshaona kitu ambacho wao hawakukiona.

"Bi Kweka, hawajifichi hao. Mwangalie huyu wa mbele. Anasimama yeye kwanza, wengine wanasimama kwa ajili yake. Halafu huyu mmoja anatoka nyuma, anakuja mbele yake, anakaa hapo kidogo, anarudi. Umeona? Sasa anaenda. Hatua chache. Amesimama tena. Huyo ni bibi harusi."

"Na huyu anayekuja mbele?"

"Anamwahidi ng'ombe."

Luhende ni Msukuma wa Bariadi, akatoa macho. Ikabidi nimweleze. Kwetu Wamaasai bibi harusi haendi haraka, ataonekana ana njaa ya mume. Anatembea kama anayehesabu majani, hageuki nyuma hata kwa dawa, na akichoka anasimama, basi. Ukimtaka aendelee umwahidi kitu. Zamani ahadi zilikuwa za mlangoni kwa bwana harusi, siku hizi zinaanza njiani. Mimi nilipoolewa ulikuwa mwendo wa saa moja, nikautembea tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mama mkwe mwenyewe alitoka kuja kunibembeleza. Niliingia pale nikiwa na kundi langu la kuahidiwa, na walinipa wote, hawakunidanganya hata mmoja.

Kisha ukaja ugonjwa wa povu. Sitaki kuusimulia mrefu. Ng'ombe anaanza kutoa povu mdomoni asubuhi, jioni miguu ya mbele inakataa, kesho unamshikilia kichwa ili asijigonge chini. Niliwashikilia wangu mmoja mmoja. Waliosalia, serikali ikawapiga risasi kuanzia magharibi mpaka ilipofika hapa, na hapa ukapigwa Mstari. Magharibi ya Mstari pasiwe na kwato hata moja. Mashariki ndiko walikobaki ng'ombe wazima wote tulio nao. Kwato ikivuka vigingi vyeupe, vilivyo magharibi kidogo kabla ya Mstari, vipanga vinaruka vyenyewe. Vipanga ni droni zetu zenye bunduki, na zinalenga vizuri, ila Shangazi anaweza kukosea mahali kwa mita kadhaa, kwa hiyo zimezuiwa kupiga kama anaona mtu ndani ya mita hamsini.

"Miaka yote hii maharusi wanapita hapa," nikasema. "Shangazi anawaita upepo."

"Na ng'ombe je?" Bi Kweka akauliza.

Wote tulijua kwamba huko magharibi wapo waliofichwa, waliougua wakapona. Na aliyepona anabaki na ugonjwa kooni maisha yake yote. Anang'aa, ana afya, anakunywa maji kwenye birika moja na wenzake, na juma linalofuata wenzake wanatoa povu.

Luhende akaweka kidole juu ya kitufe cha UPEPO. Tuna vitufe vitatu tu: watu, mifugo, upepo. "Kabla ya vigingi, neno letu ndilo la mwisho," akasema polepole. "Nikibonyeza hapa, programu inawasahau. Harusi ya watu inapita, sisi tunakunywa chai."

Mungu ananiona, nilitaka abonyeze. Nilimfikiria yule binti pale, na shanga zake, na ngozi iliyopakwa mafuta, na mama yake aliyebaki nyuma analia. Ng'ombe yule bila shaka alitoka kwa mama, ili mtoto asiingie kwa watu mikono mitupu. Halafu nikawafikiria wale niliowashikilia vichwa.

"Toa kidole," nikamwambia.

"Mmoja tu, Nemburis."

"Mwaka ule wa povu pia alianza mmoja," Bi Kweka akasema. Akaweka kikombe chini. "Wakivuka vigingi na kwato, pale mimi sina mkono, mashine inaamua. Utawawahi kabla?"

"Kwa mwendo ule? Naweza kwenda nikapika ugali njiani."

Nilisema hivyo, na ndilo kosa langu la kwanza la siku hiyo. Nilikwenda stoo nikajaza dumu la dawa ya kuoshea miguu, nikatafuta kofia, nikamgombeza mlinzi kuhusu pikipiki kukosa mafuta. Nilihesabu mwendo wa bibi harusi kwa bibi harusi niliyekuwa mimi, mkaidi, na wakwe wabahili. Sikufikiria kwamba binti huyu amepata wakwe wakarimu.

Nilikuwa nateremka kilima redio ikaita. "Nemburis, wameongeza mwendo," Luhende akasema. "Huyo anayekuja mbele anaahidi ovyo. Kila hatua mbili anatoa ng'ombe mwingine. Watu gani hawa?"

"Matajiri! Vigingi je?"

"Wanavipita sasa hivi."

Juu yangu nikasikia vipanga viwili vikinguruma kutoka kwenye banda lao.

3

Nikaacha pikipiki chini ya kilima, kwa sababu kitu cha kasi pale kingevivuta vipanga zaidi, nikaenda kwa miguu na dumu langu begani. Niliwaona kwa mbali, mashuka mekundu kwenye nyasi za manjano, na ndama mmoja jike mweupe mwenye madoa meusi. Vipanga vilikuwa vinazunguka juu yao, vikingoja nafasi.

Nikavuta pumzi nikapiga kelele kwa Kimaasai, kwa sauti ambayo mume wangu anaifahamu. "Simameni! Msisogee! Wote!"

Wakasimama. Watu wazuri, watiifu, walisimama kama vigingi vyenyewe. Nikajipongeza. Asiyetembea Shangazi hamwoni, nilifikiri, kwa hiyo watapotea kwenye kioo, na vipanga vitarudi nyumbani.

Redio ikalia. Luhende alikuwa anapiga kelele.

"Umewapeleka wapi watu? Nemburis! Watu wamefutika! Naona ng'ombe peke yake!"

Ng'ombe huwezi kumwambia atulie. Alikuwa amesimama katikati ya watu nane na anapiga nzi kwa mkia, na ule mkia Shangazi aliuona vizuri sana, kwa chujio langu. Watu hakuwaona. Nilikuwa nimewafuta mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, na kwa mashine sasa pale palikuwa na ng'ombe tu, porini, bila mtu hata mmoja ndani ya mita hamsini. Kipanga kimoja kilishaanza kushuka.

"Rukeni!" nikalia. "Rukeni! Chezeni! Tikiseni mikono! Mnangoja nini, rukeni!"

Waliniangalia kama mwendawazimu. Kisha mzee mmoja, sijui alielewa nini, akatupa fimbo chini akaanza kuruka. Magoti yake hayakuwa ya kuruka, lakini aliruka. Bwana harusi akaruka, mwenzake akaruka, wanawake wakatikisa mabega mpaka shanga zikagonga videvu. Nilikimbia, dumu likanipiga mgongoni, na redioni Luhende anasema, "Wamerudi, nawaona, mmoja, watatu, watano, wasiache, waambie wasiache." Kipanga kikainua pua, kikarudi juu.

Wa nane hakuruka. Bibi harusi alikuwa amesimama mbele yao, ameinamisha kichwa, kamba ya ndama mkononi.

Nikafika nikihema. Yule mzee akaendelea kuruka huku ananisalimia. "Takwenya!"

"Iko," nikaitikia, kwa sababu salamu ni salamu hata kiama kikija. "Baba, unaweza kupunguza. Mimi nikitembea hapa karibu inatosha." Nikaanza kuwazunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga, nikawaeleza hivyo hivyo nikizunguka.

Alikuwa mzee Parmuat, baba mdogo wa bwana harusi, ndiye mwenye ahadi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Tumepita hapa miaka yote," akasema. "Watu wa kilimani hawatuoni tukienda taratibu."

"Sasa wanawaona."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu yangu, baba. Nimetengeneza kitu kinachowaona."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Basi nitamrudisha huyu ndama alikotoka, mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Amekwishaandikwa. Vitamfuata mpaka nyumbani. Utakaa naye usiku na mchana, na siku utakayokwenda kichakani kujisaidia, vitampiga. Vyenyewe vinapokezana zamu, wewe utapokezana na nani?"

"Basi twende naye hivi hivi tumemzunguka, tuvuke. Si umesema havipigi tukiwa karibu?"

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa, maana lilikuwa kweli. Wakitembea naye wamemzunguka, hakuna mashine ya kuwazuia, na jioni ndama yule angekunywa maji na ng'ombe wazima. "Aliugua huyu?" nikauliza.

Wakaangaliana. Bibi harusi ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa. "Aliugua akapona. Mama alilala naye zizini."

"Basi hawezi kuvuka, mwanangu."

"Najua wewe ni nani," akasema. "Wewe ni wa watu wa kilimani. Ulikuwa na ng'ombe?"

"Nilikuwa nao. Wa kuahidiwa, kama wako. Niliwazika."

Nilizunguka, na jasho likaniingia machoni. Nilimwambia ukweli wote, sikumpamba. Kwamba akibaki amesimama na kamba ile, wote tutabaki hapa tukirukaruka mpaka tuanguke. Akitembea na kamba, anapeleka povu kwenye boma analokwenda kuzaa watoto. Akiiacha kamba na kwenda mbele na watu wake, mita hamsini tu, vipanga vitashuka. Kurudi hawezi, bibi harusi akirudi ndoa imekufa, na hilo yeye analijua kuliko mimi.

"Kwa hiyo nikitembea nimemuua," akasema.

"Ndiyo."

Mzee Parmuat akaja mbele yake, kwa mazoea, mikono imefunguliwa. "Mwanangu Nasinyari, nakuahidi mwingine, mzuri kuliko huyu, nakuahidi wawili..."

"Sitaki, baba. Aahidi huyu mama."

Wote wakaniangalia. Mimi sina ng'ombe. Nina mshahara, na nyumba ya kituo yenye bati linalovuja. Nikauliza anataka nini.

"Mdogo wangu Nailepu anaolewa mvua zikiisha," akasema. "Atapita hapa. Hatakuwa na ng'ombe, huyu ndiye alikuwa wa mwisho. Atatembea kama mimi, na hicho chombo chako kitasema anajificha, na askari watakuja kumkamata njiani. Niahidi kwamba kitamjua."

Alijua alichoomba, au hakujua, lakini mimi nilijua. Ningeweza kumfundisha Shangazi mwendo wa bibi harusi. Kazi ya mwezi mmoja, labda pungufu. Na siku nitakapomfundisha, mwizi yeyote wa ng'ombe mwenye akili atajifunza kutembea hivyo na kusimama hivyo, kumzunguka mnyama wake na wenzake wakiimba, na chujio langu litamfungulia njia. Nilikuwa nimekaa miaka chini ya bati linalovuja ili pasiwe na mwanya hata mmoja, na binti huyu alitaka niukate mwenyewe, kwa mkono wangu. Niliogopa. Nilisikia uchungu pia, wa kazi yangu, usinicheke.

"Nakuahidi," nikasema.

"Mbele ya hawa?"

"Mbele ya hawa. Nakuahidi, Nasinyari."

Akashusha mkono mpaka kwenye pua ya ndama. Ndama akailamba mikono ile iliyopakwa mafuta. Halafu Nasinyari akaifungua kamba shingoni kwa ndama, taratibu, akaikunja, akabaki nayo mkononi. Akaanza kutembea.

Hakuharakisha. Watu wake wakamfuata, na mimi nikawafuata, na nyuma yetu ndama akaanza kula nyasi. Hakutufuata, hilo nalishukuru. Mzee Parmuat akaanza wimbo, wanawake wakaupokea kwa sauti za kutetemeka. Luhende alikuwa ananihesabia umbali masikioni, nikamzima.

Tulisikia kipanga kikishuka. Kisha mlio, mmoja tu.

Sote tuligeuka. Bwana harusi aligeuka, mzee aligeuka, mimi niligeuka nikamwona ndama amelala ubavu kama aliyechoka. Nasinyari hakugeuka. Mabega yalimruka mara moja, akapiga hatua nyingine, na nyingine, mwendo ule ule.

Kwenye Mstari nikawaketisha chini na kuwaosha miguu mmoja mmoja kwa dawa ya dumu, mpaka magotini, na mikono, na ncha za fimbo. Nasinyari nilimwosha mwisho. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye shanga lakini uso alikuwa ameutuliza.

"Na kamba, mwanangu," nikamwambia. "Kamba nayo imemgusa. Haiwezi kuvuka."

Nilidhani atakataa, na angekataa nisingekuwa na la kumwahidi tena. Akaniwekea mkononi. Nikaiweka kwenye mfuko wa kuchomea taka, nikaufunga, na wao wakavuka.

Nikawasha redio.

"Kwato zimeondolewa," Luhende akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka kuongea. "Waliobaki wanavuka. Bi Kweka yupo hapa, anauliza niwaandike nini. Nikiandika watu, askari watakuja kuwachukua, watakaa karantini miezi sita."

"Nimewaosha mwenyewe. Andika upepo."

Nikasikia kikombe cha chai kikiwekwa mezani.

"Upepo unatoka mashariki, Nemburis," akasema. "Hawa wanakwenda mashariki."

"Ninajua wanakokwenda. Andika."

Nikasikia Bi Kweka akimwambia, "Andika," kwa sauti ile ile ya chini. Halafu nikasikia kitufe.